Maswali ya Wasomaji: Sera ya Makazi Inaanzia Kwenye Kiwanja

Katika toleo lililopita tuliwaomba wasomaji wa Kanda ya Ziwa watuandikie kuhusu nafasi ya sera ya Serikali ya makazi katika kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi. Barua nyingi zimetoka Nyamagana na Ilemela, wilaya mbili zinazobeba mji wa Mwanza, ambazo Sensa ya mwaka 2022 ilizikuta na watu zaidi ya milioni 1.1. Tumechagua tano na kuzifupisha. Majina ya waandishi tumeyahifadhi kwa kuwa baadhi yao wana mashauri ya ardhi ambayo hayajaisha.

Swali. *Ndugu Mhariri, mimi ni mkazi wa mlimani Igogo. Baba yangu alijenga hapa miaka ya sabini, na mimi nikaongeza vyumba viwili. Kwenye mkutano wa mtaa tumeambiwa kuwa kwa sababu ya mabadiliko ya tabianchi, wanaoishi kwenye miteremko mikali wajiandae. Hatukuambiwa tujiandae kwa lipi. Ninavyosikia redioni, viwanda na magari yanayochafua hewa ya dunia yako Ulaya, Marekani na China. Mimi nina mabati ishirini na gunia la mkaa. Nyumba yangu ina kosa gani, na makazi yanahusiana vipi na hewa?* (Mzee wa Igogo)

Jibu. Mzee wetu, shikamoo. Hoja yako kuhusu viwanda ni ya haki, na anayekujibu kwamba sote tumechangia kwa pamoja hakutendei sawa, kwa kuwa mchango wa Tanzania katika gesijoto za dunia haufiki asilimia 1. Ni kweli kwamba Serikali, katika ahadi iliyoiwasilisha mwaka 2021 chini ya Mkataba wa Paris, ilisema itapunguza uzalishaji wa gesi hizo kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo mwaka 2030, ikilinganishwa na kiwango ambacho kingefikiwa iwapo hatua zisingechukuliwa. Lakini mzigo wa ahadi hiyo umewekwa katika nishati, usafiri, misitu na taka, wala haukuwekwa juu ya mabati yako ishirini.

Sera ya makazi inaingia kwa mlango mwingine. Hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi 1 ya Selsiasi huweza kubeba mvuke wa maji zaidi kwa takriban asilimia 7, na wanasayansi wanatarajia mvua kubwa za ghafla ziongezeke Afrika Mashariki kadiri dunia inavyozidi kupata joto. Mvua hizo zikinyesha juu ya Igogo, Mabatini au Isamilo hazikuti udongo wa kuzinywa, zinakuta mwamba, mabati na vichochoro vilivyosakafiwa. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Paa la mita 80 za mraba likinyeshewa milimita 50 kwa mkupuo mmoja linamwaga lita 4,000, na nyumba 300 za mteremko mmoja zinateremsha lita milioni 1.2, bila kuhesabu maji ya njiani wala ya mwamba wenyewe. Yote hayo yanatafuta mtaro mmoja, na mitaro mingi ya upande wa katikati ya mji inaishia katika Mto Mirongo, ambao kwa ukubwa wake haukuwahi kuumbwa kwa kazi hiyo. Aliye juu humpelekea maji aliye chini bila kukusudia.

Kwa hiyo nyumba yako haina kosa, ila imezungukwa na upungufu: hakuna mtaro uliojengewa, hakuna ukuta wa mawe wa kushikilia udongo, na njia ya kupita mgonjwa ni ileile ya kupita maji. Hayo hayajengwi na mwenye nyumba mmoja hata angekuwa na uwezo. Hapo ndipo Serikali inapotakiwa, na hapo ndipo sera ya makazi inapogeuka kuwa sera ya tabianchi, hata kama waraka wenyewe hautaji neno hilo.

Kuna jambo la vyoo ambalo wengi huliepuka katika mazungumzo ya heshima. Juu ya mwamba shimo halichimbiki, hivyo choo hujengwa kifupi au huinuliwa, kikijaa husubiri mvua ili kitapishwe, na uchafu huo hufika Ziwa Victoria tunakochota maji. Mvua zikizidi, madhara hayo yanazidi. Mamlaka ya maji ya Mwanza, MWAUWASA, imelaza katika baadhi ya mitaa ya milimani mabomba membamba ya majitaka yanayofuata mteremko na kupita kati ya nyumba na nyumba bila kuzibomoa. Kwa maoni yangu kazi hiyo ina faida kubwa kwa tabianchi kuliko makongamano mengi yaliyofanyika kwa jina hilo.

Sasa tuje kwenye huko kujiandaa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, katika vifungu vya 6 na 7, inatambua ardhi hatarishi, ikiwamo ya miteremko inayozidi kiwango ambacho Waziri atakitaja baada ya kupata ushauri wa kitaalamu. Kumbuka maneno hayo: kiwango hutajwa, na ushauri hutangulia. Eneo haliwi hatarishi kwa sababu mtu amesimama mkutanoni na kulinyooshea kidole, bali kwa utaratibu wa tangazo la wazi linalowapa wanaoguswa nafasi ya kusema. Sheria hiyohiyo inaitaka mamlaka itambue na kulinda umiliki wa watu waliokaa mahali kwa muda mrefu, na vifungu vya 57 hadi 60 vinaweka njia ya urasimishaji, yaani kuyapima na kuyatambua kisheria makazi yaliyojengwa bila mpango. Kabla yake, Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 1995 ilikwishasema kuwa wakazi wa maeneo yasiyopangwa mijini haki zao ziandikwe na kutunzwa. Wewe si mvamizi wa kubembelezwa.

Ikitokea kweli kwamba mtaa wenu unachukuliwa, fidia haihesabiwi kwa kukadiria matofali peke yake. Kanuni za mwaka 2001 zinajumuisha thamani ya soko ya ardhi na maendelezo, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, hasara ya faida kwa mwenye biashara, na posho ya makazi ambayo ni kodi ya soko ya miezi 36. Malipo yakipita miezi sita riba inaanza kudaiwa, na uthamini ukikaa zaidi ya miaka miwili bila kulipwa unapaswa kurudiwa chini ya sheria ya uthamini ya mwaka 2016.

Kuhamisha watu kunawezekana, lakini kunategemea wanapelekwa wapi. Baada ya mafuriko ya Dar es Salaam ya Desemba 2011, waathirika wa bonde la Msimbazi walipewa viwanja Mabwepande. Kiwanja kilikuwa salama, lakini riziki yao ilibaki karibu na Kariakoo, na baadhi yao walirudi bondeni. Baada ya maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang ya Desemba 2023, Serikali na wadau walijenga nyumba zaidi ya 100 huko Waret. Nyumba zilizokamilika ni bora kuliko kiwanja kitupu, ingawa si haki kulinganisha mji mdogo na jiji ambako ardhi ya karibu imekwisha. Mtu wa Igogo anayeshuka kwa miguu hadi mjini kuuza samaki hawezi kupelekwa umbali wa nauli mbili kwenda na mbili kurudi, kisha tukaita hiyo ni kinga dhidi ya tabianchi.

Ushauri wangu ni kwamba muandike barua ya mtaa mzima kwenda kwa ofisa mipango miji wa halmashauri, mkiomba kujua kama kuna tangazo lolote la ardhi hatarishi linalowahusu, na kama mtaa wenu umo katika mpango wa urasimishaji. Wakati mnasubiri, kila paa liwekewe gata na tangi. Mwanza hupata mvua ya takriban milimita 1,000 kwa mwaka, na paa lako la mita 80 za mraba, hata tukitoa humusi moja inayopotea, linaweza kukupa lita 64,000. Tangi la lita 2,000 halitazihifadhi zote, lakini litapunguza nguvu ya mkupuo wa kwanza unaomwangukia jirani yako wa chini.

Swali. *Kwako Mhariri. Nina nyumba ya vyumba sita vya kupangisha, si mbali na soko la samaki la Mwaloni, Kirumba. Marehemu mume wangu alinunua kiwanja mwaka 2006, na wakati huo maji yalikuwa mbali, watoto wakicheza mpira kati yetu na ziwa. Mwaka 2020 maji yaliingia vyumba viwili vya nyuma, na mwaka 2024 yakarudi. Nimeambiwa niko ndani ya mita 60, hivyo sina haki. Fundi ananishauri nijenge ukuta wa mawe upande wa ziwa. Nifanye nini, na hizo mita 60 zinapimwa kutoka wapi?* (Mama wa Kirumba)

Jibu. Mama, pole kwa msiba na pole kwa maji. Swali lako la mwisho ndilo gumu, na ningependa wanaotunga sera walisome.

Mwaka mliponunua, ziwa lilikuwa limeshuka hadi kiwango cha chini ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miongo mingi, kutokana na ukame pamoja na maji mengi yaliyoachiwa kwenye mabwawa ya umeme ya Jinja, Uganda, Mto Nile unapotokea. Watu wengi wa mwambao walinunua na kujenga katika miaka hiyo, kwenye ardhi ambayo ilikuwa ya ziwa na kwa muda tu imeachwa wazi. Wazee wanaokumbuka kupanda kwa maji kati ya mwaka 1961 na 1964, yalipoongezeka kwa zaidi ya mita 2 na kubaki juu kwa miaka mingi, hawakuulizwa. Mei 2020 ziwa lilivuka hata rekodi ile ya 1964. Tofauti kati ya kiwango cha chini cha 2006 na cha juu cha 2020 ni karibu mita 3.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa la asili au ukingo wa mto. Nia yake ni njema, kwa kuwa matete na mafunjo ya ufukweni huchuja uchafu na kupunguza nguvu ya mawimbi. Lakini chukua ufukwe tambarare unaoinuka mita 1 kwa kila mita 30 za kutembea. Maji yakipanda mita 3, mstari wa maji unasogea mita 90 kuelekea nchi kavu. Maana yake ni kwamba aliyepimiwa mita 60 kutoka kwenye maji ya 2006 na kuzingatia sheria kwa uaminifu, mwaka 2020 angeamka akiwa majini. Ziwa hili hupata maji yake kwa takriban asilimia 80 kutokana na mvua inayonyesha juu yake lenyewe, kwa hiyo mvua zikibadilika, ufukwe nao unahama. Kipimo kinachoanza kwenye ukingo unaohama kinamwacha mwananchi akibahatisha. Msimamo wangu ni kwamba mita 60 zihesabiwe kutoka kwenye kiwango cha juu kabisa kilichowahi kurekodiwa, kiwekewe alama za zege ardhini ambazo hata mnunuzi asiyejua kusoma ramani ataziona, na alama hizo ziwekwe kabla dalali hajafika. Gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na ya kuhamisha mtaa.

Kwa upande wako, usijenge ukuta. Ukuta wa mawe hupiga wimbi likarudi na kuchimba msingi wake, humpelekea jirani maji uliyoyazuia, na ukijengwa bila idhini ya mamlaka za mazingira unakuongezea kesi juu ya hasara. Wala usikubali kuambiwa kwa mdomo kuwa huna haki. Tafuta nyaraka za mauziano na risiti za kodi ya jengo kama zipo, kisha uende kwenye ofisi ya Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, ambayo makao yake yako hapa Mwanza, uulize kumbukumbu za kina cha ziwa kwa miaka uliyoitaja, na ofisi ya ardhi wakuonyeshe mstari waliotumia. Kama ulipewa hati au kibali cha ujenzi na mamlaka iliyokuwa na ramani mezani, una hoja ya kusikilizwa. Vyumba viwili vya nyuma, hata hivyo, visipangishwe tena. Mpangaji mwenye mtoto mchanga hawezi kukaa juu ya sakafu iliyolowa maji ya vyoo, na kwa hilo nafikiri unakubaliana nami.

Swali. *Mhariri, mimi ni fundi ujenzi Buswelu. Mmekuwa mkituambia tofali za kuchoma zinamaliza miti. Sasa nasoma kwamba saruji nayo inachafua hewa. Tujengee wateja na nini, nyasi?* (Fundi wa Buswelu)

Jibu. Kaka fundi, nyasi si wazo baya kwa joto, ila bima ya moto hutaipata.

Tofali la kuchoma linahitaji tanuri lifike nyuzi 900 hivi, na katika vijiji vya Misungwi, Magu na Sengerema moto huo unatoka kwenye miti inayokatwa bila kupandwa nyingine. Saruji nayo hutengenezwa kwa kuchoma mawe ya chokaa hadi nyuzi 1,450, na zaidi ya nusu ya hewa ukaa yake haitoki kwenye kuni wala makaa ya mawe bali ndani ya jiwe lenyewe linapovunjika kwa joto. Ndiyo sababu sekta ya saruji hutoa asilimia 7 hadi 8 ya hewa ukaa yote inayozalishwa na binadamu. Hakuna anayekutaka uache saruji. Kinachotakiwa ni kuitumia pale inapobeba kazi, yaani kwenye msingi, nguzo, lenta na mkanda wa juu, na kuipunguza pale inapojaza tu nafasi ya ukuta.

Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umehamasisha kwa miaka mingi tofali za kufungamana, zinazofyatuliwa kwa mashine ya mkono kutokana na udongo uliochanganywa na saruji kidogo, asilimia 5 hadi 10, bila kuchomwa. Kwa kipimo cha kawaida cha sentimita 30 kwa 10, mita 1 ya mraba ya ukuta inakula tofali 33 hivi, na kwa sababu zinaingiana, udongo wa kuunganishia ni mdogo na lipu ya nje si lazima. Wapo mafundi wanaozilaumu kwamba zinapasuka. Nimeziona zilizopasuka, na karibu zote zilifyatuliwa kwa udongo mweusi wa mbuga, unaovimba ukilowa na kunywea ukikauka. Jaza nusu chupa ya kioo udongo wako, ongeza maji, tikisa, acha usiku kucha. Mchanga utatulia chini na mfinyanzi juu. Ukiona mchanga ni zaidi ya nusu na mfinyanzi ni robo au pungufu, endelea. La sivyo changanya na moramu, udongo wenye changarawe. Baada ya kufyatua, tofali zifunikwe na kumwagiwa maji kwa wiki nzima au zaidi, hatua ambayo mteja mwenye haraka huipinga na fundi mwoga humkubalia.

Usisahau pia kwamba unaishi mji wa mawe. Ukuta wa mawe ya hapahapa hauhitaji kuchomwa wala kufyatuliwa, ingawa unahitaji mkono wa fundi anayejua kuyapanga, na mafundi hao wanazeeka bila kurithisha.

Lakini nisikubebeshe wewe peke yako mzigo huu. Mteja mkubwa wa ujenzi nchini ni Serikali, kwa madarasa, zahanati na nyumba za watumishi zinazojengwa kila mwaka. Michoro na makadirio ya vifaa vya majengo hayo yakitaja tofali za kufungamana kuwa chaguo la kwanza pale udongo unaporuhusu, ndani ya misimu michache kila wilaya itakuwa na mashine, vijana waliofundishwa na bei inayoshuka, na mwananchi atafuata alichokiona shuleni kwa mwanawe. Semina hazijawahi kufanya hivyo.

Swali. *Napanga chumba Nyakato, tuko wapangaji sita na LUKU moja. Mwenye nyumba amekataza gesi ndani akihofia moto, na nikitumia jiko la umeme wenzangu wanalalamika nimemaliza uniti. Napikia mkaa barazani, mvua ikinyesha napikia chumbani. Hiyo nishati safi tunayotangaziwa ni ya wenye nyumba tu?* (Dada wa Nyakato)

Jibu. Dada, kupikia mkaa chumbani uache leo, hata mvua iweje. Moshi wake usioonekana unaua watu wakiwa usingizini.

Umegusa pengo ambalo sera zetu hulipita kwa haraka. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, wa mwaka 2024 hadi 2034, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Lengo ni kubwa na sababu zake ni nzito: katika matanuri ya kienyeji kilo 1 ya mkaa hula kilo kadhaa za kuni, na miti hiyo ndiyo inayoshikilia udongo wa vyanzo vya mito inayoingia ziwani. Hata hivyo mjini watu wengi wanapanga, na mpangaji hana mamlaka juu ya waya, dirisha wala baraza. Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005 na haikuachiwa mrithi wa maana, hivyo hakuna anayemwambia mwenye nyumba kwamba chumba cha kupangisha lazima kiwe na mahali salama pa kupikia. Mitungi ya gesi ya ruzuku haiwezi kuziba pengo la jengo lisilo na jiko. Kama ningepewa kuandika mstari mmoja katika sheria mpya ya upangaji, ungekuwa huo.

Kwa sasa, mshawishi mwenye nyumba akubali mambo mawili yasiyo na gharama kubwa: mita ndogo kwa kila chumba nyuma ya LUKU, ili kila mmoja alipe alichotumia, na kibanda kimoja cha jiko la pamoja chenye matundu ya hewa chini na juu, mtungi ukiwa nje. Mita hizo zikipatikana, sufuria ya umeme ya presha huivisha maharage kwa chini ya uniti 1, na ugomvi wa nyumba utapungua.

Swali. *Mimi ni mwalimu, kituo changu kiko katikati ya mji. Kwa akiba niliyo nayo naweza kupata kiwanja kikubwa Usagara au kidogo sana huku Mkolani. Kwa kuangalia mazingira na mfuko, nichague kipi? Na kwa nini Serikali isitujengee maghorofa tukayanunua?* (Mwalimu, Nyamagana)

Jibu. Mwalimu, nitaanza na swali lako la pili, kwa kuwa la kwanza linategemea hilo. Shirika la Nyumba la Taifa limekuwapo tangu mwaka 1962, na Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008 inakuruhusu kumiliki orofa kwa hati yako mwenyewe. Nyenzo zipo. Lakini upungufu wa nyumba nchini umekuwa ukitajwa kuwa milioni 3, huku mahitaji yakiongezeka kwa takriban 200,000 kila mwaka, na hakuna shirika la umma linaloweza kufyatua nyumba kwa kasi hiyo kwa bei ya mshahara wa mwalimu. Watanzania wengi watajijengea wenyewe, chumba kimoja kimoja, kama walivyofanya siku zote. Kwa sababu hiyo naona nafasi kubwa ya Serikali iko kwenye ardhi: viwanja vidogo vilivyopimwa, karibu na barabara kuu, vyenye mtaro na bomba kabla ya nyumba ya kwanza kuinuka. Familia zilizojenga juu ya mwamba wa Igogo na ufukweni Kirumba zilikosa kiwanja cha namna hiyo kwa bei wanayoiweza.

Kiwanja kikubwa cha Usagara ni rahisi siku ya kununua tu. Baada ya hapo utalipa nauli au mafuta kila siku ya kazi kwa miaka ishirini na zaidi, halmashauri italipa kilomita za bomba na nguzo kukufuata, na mashamba yatageuka mabati. Kila mji unaotanuka kwa namna hii unaongeza moshi wa magari na maji ya kukimbia kwa wakati mmoja. Kwa mtu mwenye kituo cha kazi mjini ningechagua kidogo cha Mkolani na kujenga kwenda juu, nikiacha msingi wenye uwezo wa ghorofa moja hata kama leo naishia chini.

Kabla ya kulipa, nenda mwenyewe ofisi ya mipango miji ukaone ramani ya eneo, usiridhike na picha iliyo kwenye simu ya dalali. Hakikisha namba ya kiwanja iko kwenye ramani ya upimaji iliyoidhinishwa, na kwamba hakijawekwa kwenye eneo la wazi au mkondo wa maji. Kisha ukitembelee siku ya mvua ya Aprili au Novemba, usimame nusu saa uone maji yanapita wapi, na umuulize jirani wa muda mrefu mtaa ulikuwaje wakati wa El Niño ya 1997 na 1998. Ukianza kujenga, elekeza pande ndefu za nyumba kaskazini na kusini, kwa kuwa hapa tulipo, nyuzi 2.5 hivi kusini mwa Ikweta, jua la kuchoma ukuta ni la asubuhi na la jioni. Weka madirisha pande hizo mbili zinazotazamana, toa varanda au kingo pana ya paa upande wa magharibi, na usiache bati bila dari, hata kama dari hiyo itasubiri mshahara wa miezi mitatu ijayo.